Mshale Unabeba Nini? Kwa Walimu Wapya wa Baiolojia

Walimu wa ajira mpya, karibuni Mtwara. Joto mtalizoea, na msimu wa korosho ukifika mtazitafuna mpaka mzichoke. Ninachoomba msikizoee ni kile nilichokiona tena muhula huu kwenye vipindi vya ekolojia. Mzunguko wa naitrojeni umejaa ubao mzima, chaki za rangi tatu, wanafunzi wananakili kimya, kengele inalia, ubao unafutwa. Nikamwita binti mmoja wa dawati la mbele, nikamwuliza ule mshale unaotoka hewani kwenda ardhini unabeba nini. Akanitazama kama nimemwuliza bei ya ndege ya kwenda Dar.

"Umeandikwa fiksesheni, mwalimu."

Na andalio la somo lilikuwa safi kabisa, limesainiwa.

1. Usichore mshale kabla hujajua kinachosafiri. Kwenye mnyororo wa chakula mshale unatoka kwa anayeliwa kwenda kwa mlaji, kwa sababu unaonyesha nishati inakoelekea. Kila mwaka wapo wanaougeuza, kwa kuwa kichwani mwao mshale ni mwewe anayemfuata kifaranga. Kwenye naitrojeni zinazosafiri ni atomu zilezile zinazobadili hali: gesi, amonia, nitriti, nitrati, protini ya mmea, protini ya mnyama, kisha amonia tena. Kila mshale una mwenye kazi yake. Bakteria Nitrosomonas anaigeuza amonia kuwa nitriti, Nitrobacter anaigeuza nitriti kuwa nitrati, na bakteria wa udongo uliotuama maji wanairudisha nitrati hewani ikiwa gesi. Hewa yetu ina naitrojeni karibu 78%, na mkorosho uliosimama katikati ya utajiri huo hauwezi kujichotea hata punje.

Kwa hiyo anzieni shambani, ubao utasubiri. Mwombe jirani mche mmoja wa mbaazi au kunde, mimea yenye vinundu vya bakteria mizizini. Chimba pembeni kwa jembe, usiung'oe kwa nguvu, maana vinundu vitabaki ardhini na wewe utarudi darasani na mizizi mitupu kuwaambia watoto "hapa huwa kuna vinundu". Osha mizizi kwenye ndoo, kisha mpasue kinundu kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa na wekundu wa waridi, Rhizobium, bakteria wanaoinasa naitrojeni ya hewani (ndiyo fiksesheni yenyewe), wako kazini. Rangi hiyo ni ya protini ya ukoo mmoja na ile ya damu yetu, na kazi yake ni kuizuia oksijeni isikiharibu kimeng'enya kinachonasa naitrojeni. Kikiwa cheupe, hakijaanza kazi. Kikiwa cha kijani au kijivu, kimezeeka. Hapo darasa zima litataka kupasua, na kelele zitamfikia mtaaluma. Mwacheni asikie.

2. Nishati haizunguki. Virutubisho vinazunguka, nishati inaingia na jua, inapita, inapotea kama joto, na kwa makadirio ni 10% tu inayovuka ngazi moja kwenda ya pili. Tunasahihisha moko kila mwaka na kila mwaka tunasoma "nishati hurudi kwenye udongo". Mwanafunzi hakulitunga hilo, ameambiwa na mtu.

3. Mwongozo wa kusahihisha si msahafu. Hapa mtaniwia radhi, nitaenda mbali kidogo.

Nilipokuwa mgeni kazini kama ninyi nilitunga jaribio la kidato cha nne. Swali moja liliomba mnyororo wa chakula wenye ngazi nne. Mwongozo wangu ulisema nyasi, panzi, chura, nyoka. Kijana mmoja wa Mikindani, mtoto wa mvuvi, akaandika: majani ya mkoko yaliyoanguka, kaa, chewa, papa. Mishale yote ilielekea sawasawa, ambayo kwa darasa lile ilikuwa sherehe. Nikampiga kosa la wino mwekundu, na pembeni nikaandika kwa majivuno: "Mnyororo huanza na mzalishaji."

Akaja ofisini, karatasi mkononi. Shikamoo, marahaba. Akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, kule kwetu jani la mkoko likiwa bichi sijaona wa kulisumbua sana. Likianguka ndiyo kaa wanalivuta mashimoni. Sasa mimi nianzie wapi?"

Hilo lilikuwa swali la kiwango cha chuo. Mnyororo unaoanzia kwenye mabaki upo, unafundishwa, na kwenye mikoko ndio unaobeba sehemu kubwa ya nishati: majani huanguka, kuvu na bakteria wanayalainisha, kaa wanayala. Nishati yenyewe bado ni ile ya jua iliyonaswa jani likiwa mtini. Nilikuwa nimeyasoma hayo na nimeyafanyia mtihani. Siwezi kusema sikujua. Nilikuwa na rundo la karatasi mezani, mwongozo ulikuwa mbele yangu, na kubadilisha alama moja kungenilazimu kurudia rundo zima. Nikamwambia, "Andika kilichofundishwa."

Jaribio lililofuata aliandika nyasi, panzi, chura, nyoka, kwa mwandiko wa kupendeza. Nikampa alama zote. Sikuona tena kiumbe cha baharini kwenye karatasi yake mpaka anamaliza shule. Alifaulu, tena vizuri, na tukikutana stendi hunipokea mzigo na kunishukuru mbele za watu. Natamani aache.

Kwenye mwongozo wenu wekeni basi mstari wa "au jibu lolote sahihi", na mnyororo usioufahamu muulizie feri kwa wavuvi kabla hujafungua kalamu nyekundu.

4. Uainishaji mnaufundisha kwa kuimba: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Imbeni, lakini kisha wekeni majani mezani: mnazi, muhogo, mbaazi, mwembe, mkorosho. Watoto wayagawe kwa maswali ya ndiyo au hapana. Mnazi utajitenga mapema kwa mishipa yake iliyokwenda sambamba. Ya mwembe na mkorosho watayaachanisha kwa ncha, ya mwembe imechongoka na ya mkorosho ni butu, na hapo ndipo uwaambie hawa wawili ni familia moja, Anacardiaceae. Watakataa. Mmoja atauliza mbona embe ni tunda na korosho ni mbegu, na mtaingia kwenye bibo. Bibo si tunda halisi, ni kikonyo kilichovimba. Tunda halisi ni lile gamba la kijivu linaloning'inia chini, na korosho ni mbegu iliyomo ndani. Watoto waliokulia chini ya mikorosho watabisha mpaka kengele, na kipindi kiishie hapo.

Wakiuliza kwa nini kitabu kimoja kinagawa viumbe kwa himaya tano za Whittaker wa mwaka 1969 na kingine domeini tatu za Woese wa 1990, msibabaike. Wapelekeni Tendaguru, kwa jirani zetu Lindi, kwa maneno tu kwa sababu fungu la safari hamtalipata. Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mjusi mkubwa waliyemsafirisha amesimama Berlin hadi leo. Mwaka 1914 aliitwa Brachiosaurus brancai, akawekwa jenasi moja na mwenzake wa Marekani. Baadaye mifupa ikalinganishwa upya, tofauti zikaonekana nyingi mno, na sasa wengi wanamwita Giraffatitan brancai. Mfupa haukubadilika hata mmoja. Kilichobadilika ni hoja juu ya undugu wake.

5. Kwenye jina la kisayansi jenasi ianze kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo, kila neno na mstari wake chini.

6. Salfa ya mikorosho si mbolea. Ni ya kuzuia ubwiriunga, na ubwiriunga ni kuvu. Una himaya nzima ya kufundisha pale wazazi wao wanapopulizia.

7. Safari ya mikoko iende siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Pwani yetu maji hukupwa saa nne asubuhi hivi. Siku za maji mafu saa hizohizo utayakuta yamejaa. Kwadrati, zile fremu za mraba za kuhesabia viumbe, zikiwa za mbao huelea, chomeleeni za nondo. Watoto wavae raba kuukuu, kwa sababu mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mkoko, imesimama wima kwenye tope na inachoma. Barua za wazazi zikusanywe wiki moja kabla, si getini gari likiwa linanguruma.