Fort Jesus si Ukuta Tu

Dada mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia wiki hii. Anataka kuwapeleka watoto Mombasa likizo ya Agosti, ila mumewe anasema Fort Jesus, ile ngome ya kale ya huko, ni ukuta mkuukuu tu, heri wakaogelee. Dada, maneno hayo nayajua. Shemeji yangu aliniandikia kwenye WhatsApp ya familia, wote wakiona: "Umepanda treni ya SGR kutoka Syokimau kwenda kutazama mawe?" Wakacheka. Wengine ni walewale wanaoniuliza leo waanzie wapi.

Ushauri wangu: ingia na kisa kimoja kichwani, ukakitafute humo ndani. Mimi nilikwenda na kisa cha kuzingirwa. Wareno walianza kuijenga ngome 1593. Mwaka 1696 Waomani wakawazingira humo karibu miaka 3, hadi Desemba 1698, na maradhi yakawamaliza watu vibaya. Kwa hiyo nilipopanda juu, upande wa bahari, sikuwa na haraka ya picha. Nilikuwa natafuta msaada ungeingilia wapi. Merikebu Santo António de Tanna ilikuja kuwaokoa, ikazama hapo hapo mbele ya ngome 1697. Wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977, na vitu vyake vimo kwenye makumbusho. Ukishavisoma hivyo, rudi juu uyatazame maji tena.

Watoto waonyeshe michoro ya askari wa Kireno: meli, samaki, watu, kwa makaa na rangi nyekundu. Mtu kachoshwa na zamu, akachora ukutani. Binti yangu alisimama hapo mpaka nikamvuta mkono. Halafu wasogeze karibu na ukuta wenyewe waone vitundu vya mawe ya matumbawe yaliyoujenga.

Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895. Makumbusho yalifunguliwa 1960. Hayo utaelezwa.

Mengine ni madogo: fika asubuhi kabla ya jua kali, beba maji na kitambulisho, na mkubaliane bei na mwongozaji kabla hajaanza kusimulia. Ila kisa kwanza, nasisitiza. Sisi wa Nairobi tunapenda kulipia mahali tusipopajua, tunapiga picha langoni, tunarudi kusema hakuna kitu. Wasomee watoto wiki moja kabla, hata dakika 10 baada ya chakula cha jioni.

Na kama nauli ya Mombasa haijapatikana, wapeleke kwanza Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Matatu za Waiyaki Way zinakushusha karibu.