Kutoka magurudumu hadi barafu: maswali yenu, majibu yangu

Nimeshindana kwa viatu vya magurudumu miaka tisa. Nikihamia mbio za kuteleza barafuni nitaanza sifuri?

Hapana. Mapafu, mapaja, mgongo uliozoea kuinama na ujasiri wa kuingia kona kwa kasi, vyote unakwenda navyo. Kinachobaki nyuma ni hisia ya mguu, na hapo ndipo wengi hulia: bingwa wa lami anapitwa na watoto. Vumilia. Erin Jackson wa Marekani, naye aliyetoka kwenye magurudumu, alifuzu Olimpiki ya Pyeongchang 2018 baada ya takriban miezi minne tu ya mazoezi ya barafu, akawa wa 24 katika mita 500. Beijing 2022 akatwaa dhahabu ya mbio hiyohiyo.

Nikisukuma kwa nguvu zangu zote mguu unachomoka tu, siendi. Nakosea wapi?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake ndilo mchezo wenyewe. Unasukuma kuelekea nyuma. Gurudumu hushika lami, kwa hiyo kosa hilo hulisamehe. Chuma cha barafu, ule ubapa ulio chini ya kiatu, kina upana wa milimita moja na kidogo. Kwa urefu wake kinateleza, kwa ubavu wake kinang'ata. Basi sukuma pembeni. Kaa chini zaidi ya ulivyozoea, uache mwili uanze kuangukia upande, ndipo unyooshe goti. Ukiwahi kunyoosha, nguvu zote zinapotea.

Ule msukumo wa mara mbili, wa kuvuta mguu ndani kabla ya kuutoa nje, uache kwenye lami. Mmarekani Chad Hedrick ndiye aliyeupa umaarufu huko, na barafuni alishinda mita 5,000 Torino 2006. Wewe fanya zoezi moja kila siku: teleza kwa mguu mmoja urefu wote wa sehemu iliyonyooka, ukisikiliza. Chuma kikikwaruza, unasukuma kwa vidole.

Ninunue viatu vya bawaba moja kwa moja?

Kwa uwanja wa mita 400, ndiyo. Kisigino kinaachana na chuma, hivyo chuma kinabaki barafuni hadi mwisho wa msukumo. Kwa mbio za uwanja mfupi, wa mita 111 hivi, chuma hakifunguki.

Nunua pia kinoo na kishikio cha kunolea, na jifunze kunoa mwenyewe. Magurudumu yakiisha unabadilisha. Chuma kinaharibiwa na chembe moja ya mchanga. Ukitoka barafuni, kivike kifuniko kabla hujapiga hatua.

Nina miaka 25. Nimechelewa?

Jackson alikuwa na 29 alipotwaa dhahabu.

Nianze na mbio gani?

Moyo wako utavutwa na ile ya kuanza kwa pamoja, mizunguko 16, kwa kuwa inafanana na ulikotoka: kubanana, kujificha nyuma ya mwenzako, kuchomoka mwishoni. Bart Swings wa Ubelgiji, mtoto wa magurudumu, aliishinda Beijing 2022. Ingia, uifurahie. Lakini mwaka wa kwanza ningekupa zaidi mbio za wawiliwawili dhidi ya saa. Huko hakuna mgongo wa kujificha, na kila kasoro ya mguu inaonekana.

Niache magurudumu kabisa?

Usiache, yatakufaa barafu ikifungwa. Ila msimu ukianza, yaweke kabatini wiki kadhaa, mpaka mguu uache kuchanganya lami na barafu.