Masharti yasiyokaguliwa hayamlindi mtoto

Mhariri, mmeuliza iwapo masharti ambayo mahakama humwekea mtu aliyewadhulumu watoto yanaweza kuwakinga watoto wengine pindi anapotoka gerezani. Yanaweza, mradi yaandikwe kwa kumlenga mtu huyo mwenyewe na awepo wa kuyakagua.

Hapa Uingereza ninakoishi, tangu Machi 2015 mahakama za England na Wales hutoa amri ya kuzuia madhara ya kingono, ambayo muda wake haupungui miaka 5, na anayeikiuka aweza kufungwa hadi miaka 5. Mwaka 2011, katika kesi ya Smith iliyohusu amri ya aina hii iliyotangulia, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba haifai kumpiga mtu marufuku kabisa kutumia intaneti. Afadhali aruhusiwe kifaa kinachohifadhi kumbukumbu ya kurasa alizofungua, na akikabidhi polisi wanapotaka kukikagua. Wako wanaouita huo ulegevu. Mimi naona ni busara, kwa kuwa katazo lisilofuatika litakiukwa na kila mtu, na polisi hawatamtambua anayewinda watoto miongoni mwa wanaolipa bili tu mtandaoni.

Linalonigusa zaidi, nikiwa Mkenya, ni kwamba amri hiyo huwahesabu pia watoto walio nje ya Uingereza. Mahakama yaweza kumzuia mkosaji kusafiri kwa hadi miaka 5, muda unaoweza kuongezwa, na akizuiwa kwenda nchi zote hulazimika kusalimisha pasipoti yake kwa polisi. Hilo si jambo la nadharia: mwaka 2014 mahakama ya Birmingham ilimtia hatiani Mwingereza aliyewadhulumu watoto wa mitaani mjini Gilgil, Kenya.

Kwetu Kenya, kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinaruhusu mahakama kumweka mkosaji hatari chini ya uangalizi wa muda mrefu, na ni kosa kwake kuficha hukumu yake anapoomba kazi ya kulea watoto. Lakini anayeficha hugunduliwa na anayeuliza. Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia makao ya watoto na shule za bweni wamdai kila anayekuja kujitolea, awe ametoka Nakuru au Birmingham, cheti cha polisi wa kwao kabla hajakabidhiwa ufunguo wa bweni.