Waulize Mafundi: Kichupa kimtangaze msanii, si gari la kukodi

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu video za muziki, yaani vichupa: nini kiwemo, nini kiachwe, na kwa nini video nzuri kwa macho inaweza kumwacha msanii vilevile alivyokuwa. Tumechagua sita.

Mdogo wangu anaimba Bongo Fleva na wimbo wake wa mapenzi umeshakamilika studio. Fedha tuliyonayo inatosha siku moja ya kupiga picha. Muongozaji anataka tukodi gari la kifahari, nyumba yenye bwawa, na vidio kwini wanne, yaani warembo wa kuonekana kwenye video. Anasema bila hivyo video haitaonyeshwa popote. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli, ingawa ombi lake lina chanzo chake. Kila aina ya muziki ina vitu ambavyo mtazamaji amezoea kuviona kwenye video zake. Hata sauti ikizimwa, bwawa, gari na mavazi ya gharama humwambia ndani ya sekunde tatu kwamba hii ni Bongo Fleva ya mapenzi na starehe. Mazoea haya yalikolea baada ya kituo cha televisheni cha muziki cha MTV Base kuanza kurushwa Afrika mwaka 2005. Msanii wa Dar es Salaam alijikuta kwenye kioo kimoja na wa Lagos na Johannesburg, na kati ya 2013 na 2016 wengi walisafiri hadi Afrika Kusini kupiga video ili wasionekane wanyonge. Wakati ule jumba na gari vilikuwa tiketi ya kuingilia.

Shida ni kwamba vitu hivyo ni vya kila mtu. Msanii mwenye jina akisimama mbele ya bwawa, watu wanamwona yeye. Mgeni akisimama palepale, wanaliona bwawa. Kwa msanii anayeanza, chukueni mazoea mawili tu ya aina yenu: hadithi ya watu wawili, na msanii anayeimba akiitazama kamera. Mengine yaacheni. Fedha ya gari iende kwenye mwanga, vipodozi na mavazi.

Siku moja inatosha mkiipanga hivi. Anzeni na uimbaji, kwa sababu asubuhi msanii bado ana nguvu na uso haujachoka. Apigwe picha akiimba wimbo mzima mara nne: mwili mzima, kuanzia kiunoni, uso peke yake, kisha akitembea. Kila mkao mmoja, pamoja na kupanga taa, utakula kati ya nusu saa na dakika 45, na huenda mkarudia mara mbili au tatu. Hadithi ifuate mchana ikiwa na matukio sita, yasizidi manane. Wengi hufanya kinyume chake: wanaanza na hadithi, jua linazama, na uimbaji unapigwa kwa haraka usiku chini ya taa moja. Ndiyo maana video nyingi zina mandhari ya kupendeza na msanii ambaye hujui anafananaje.

Kwenye kuhariri, uso wake uonekane vizuri kabla ya sekunde ya kumi, na angalau nusu ya video awe yeye. Kila kiitikio kinaporudi, kamera iwe karibu naye zaidi kidogo kuliko mara iliyopita.

Kuhusu uso wenyewe: tumieni lenzi ya milimita 50 au 85. Lenzi ya 24, inayoona kwa upana, ikisogezwa karibu huvimbisha pua na paji. Wana hip hop huitumia makusudi ili msanii aonekane mbabe, lakini kwenye wimbo wa kubembeleza inaharibu. Ngozi nyeusi haihitaji taa kali ya mbele. Taa hiyo hung'arisha paji na kufanya mashavu yawe ya kijivu. Wekeni taa kubwa pembeni, ipite kwenye kitambaa cheupe, na nyingine ndogo nyuma ya bega ili kichwa kitengane na ukuta. Shati jeupe pe liachwe. Kamera ikiwa kwenye otomatiki hupunguza mwanga kwa ajili ya shati, na uso unazama gizani. Pimeni mwanga kwa mkono, kwa kuangalia uso. Rangi ya krimu, bluu au kahawia isiyoiva sana hurahisisha kazi.

La mwisho, mdogo wako awe na alama moja itakayorudi kwenye video zake tatu za mwanzo: kofia, rangi, mtaa, hata namna ya kushika maiki. Aina ya muziki humwambia mtazamaji msanii huyu yuko kundi gani. Alama humwambia ni yupi ndani ya kundi hilo. Alama inaweza hata kuwa urithi. Lebo ya muziki ya WCB ilipomtambulisha Zuchu Aprili 2020, kati ya nyimbo zake za mwanzo ulikuwemo "Mauzauza" alioimba na mama yake, Khadija Kopa. Msikilizaji aliletewa binti wa Bongo Fleva aliyeshika mkono wa malkia wa taarab, na hakuna mgeni mwingine aliyeweza kulidai hilo.

Tunatengeneza video za singeli. Wateja wanalalamika kwamba picha zinakatika haraka mno na hawamwoni msanii. Pia tulipunguza kasi ya baadhi ya picha, midomo ikaachana na wimbo. Tunakosea wapi? (Vijana wa studio, Temeke)

Kosa la kwanza ni la hesabu. Gawanya 60 kwa idadi ya midundo kwa dakika. Bongo Fleva ya midundo 100 inakupa sekunde 0.6 kwa mdundo, kwa hiyo kukata picha kila midundo minne ni sekunde 2.4, jicho linapumua. Singeli ya 240 inakupa robo sekunde tu. Mkikata kila mdundo, picha moja ina fremu (picha tuli zinazounda video) sita hivi kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, na hakuna atakayekumbuka uso alioonyeshwa kwa fremu sita. Kateni kila midundo minane au kumi na sita, yaani sekunde mbili hadi nne. Kasi iachwe miguuni kwa wachezaji na mkononi mwa mpiga picha.

Singeli ina mazoea yake, na ni hazina: uchochoro, spika zilizopangwa juu kwa juu, watu wamemzunguka mghani, vumbi, kigodoro (ngoma ya mtaani ya usiku) kikiwa kimechanganya. Msiyafiche kwa kuhamia kwenye jumba la kukodi, maana hapo ndipo mtazamaji wenu alipo. Ila kundi la watu humeza msanii. Mpiga picha aingie ndani ya duara na lenzi ya 24, kamera ikiwa usawa wa kifua, wachezaji wawe nyuma na pembeni ya mghani, wasipite mbele yake. Yeye avae rangi moja iliyokoza, nao waambiwe mapema wasiivae.

Sasa midomo. Mkipiga fremu 50 kwa sekunde kisha mkaicheza kwa 25, kila kitu kinakuwa nusu ya kasi, midomo ikiwemo. Ili ilingane, wimbo ulipaswa kuchezwa kwa asilimia 200 wakati wa kupiga. Kwa wimbo wa mapenzi wa midundo 90 inawezekana kwa mistari michache. Kwa singeli ya 240 ingekuwa 480, na hakuna mdomo wa binadamu unaoweza. Kwa hiyo mwendo wa taratibu wekeni kwenye miguu, viuno na vumbi tu. Mghani apigwe kwa fremu 25 na wimbo wa kasi ya kawaida.

Ipo njia nyingine inayoifaa singeli kuliko muziki wowote tunaoujua. Chezeni wimbo kwa asilimia 80, mpigeni mghani kwa fremu 20, halafu video ichezwe kwa 25. Midomo inalingana na wimbo wa kawaida, yeye anapata nafasi ya kutamka vizuri, na mwili wake unaonekana una kasi isiyo ya kawaida. Kamera isiyo na fremu 20, pigeni kwa 25 na mwongeze kasi hadi asilimia 125 kwenye kuhariri. Itaruka fremu kidogo, lakini katika singeli hilo halionekani.

Mambo mawili ya kuzuia hasara. Wekeni milio mitatu mifupi kabla ya wimbo kuanza na maiki ya kamera iwe imewashwa, ili mhariri apate pa kulinganishia sauti. Na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde mnapopiga fremu 25, na 1/100 mnapopiga fremu 50. Fremu 60 chini ya taa za mtaani huleta mistari inayopepesa, na kuiondoa baadaye ni kazi ya siku nzima.

Kikundi chetu cha taarab kinataka video ya kisasa kama za Bongo Fleva ili tupate vijana. Wazee wetu wamekataa kabisa. Tufanye nini? (Katibu wa kikundi, Tanga)

Wasikilizeni wazee. Taarab humtukuza mwimbaji kwa utulivu wake. Anasimama, mkono unasema kidogo, neno linafanya kazi, na ukumbi unajibu. Mkimkimbiza ufukweni na droni juu ya kichwa, mmemnyang'anya ukumbi, na bila ukumbi kijembe hakina wa kumchoma.

Pigeni ukumbini kwa kamera tatu. Moja ibaki kwa mwimbaji muda wote, haiondoki. Ya pili ifuate vyombo: vidole kwenye kanuni na udi, upinde wa fidla, kodiani, kinanda. Ya tatu iwe kwa watazamaji. Picha zidumu sekunde sita hadi kumi ili mstari usikike mpaka mwisho, na mkate kwenda kwa watazamaji baada ya kijembe kutua, si kinapotamkwa. Tukio la kutunza, yaani watazamaji kumpa mwimbaji fedha, ndilo ushahidi wa ukubwa wa mwimbaji, kwa hiyo lipangwe: watunzaji waje kutoka upande ulio mbali na kamera kuu, la sivyo migongo yao itamziba pale pale anapopendeza zaidi.

Vijana mtawapata kwa urefu. Nyimbo za taarab huweza kuzidi dakika kumi. Haririni matoleo mawili: wimbo mzima kwa wapenzi wenu, na wa dakika tatu na nusu wenye kiitikio na beti mbili kali. Mavazi yawe ya rangi moja kwa waitikiaji na tofauti kwa mwimbaji. Vitambaa vya mistari myembamba viepukwe, vinachezacheza kwenye kioo.

Tunapiga rumba. Je, video ya rumba lazima iwe na wacheza wengi tangu mwanzo? (Msomaji, Lubumbashi)

Hapana, na mkifanya hivyo mtaiua sebene, ile sehemu ya pili ya wimbo inayoongozwa na gitaa kwa ajili ya kucheza. Wimbo una sehemu mbili, video nayo iwe nazo. Mwanzo uwe wa mwimbaji na suti yake, mwanga wa chini, kamera inayotembea polepole. Sebene ikiingia badilisheni kila kitu kwa mkupuo: mahali, nguo, wacheza, mwanga. Mpiga gitaa apewe picha ya karibu hapo, maana ndiye anayeendesha ngoma. Majina ya wafadhili mnayoyataja ndani ya wimbo yabaki kwenye sauti. Mkionyesha kila anayetajwa, video inageuka orodha ya wageni. Diamond Platnumz aliposhirikiana na Koffi Olomide katika "Waah!" mwaka 2020, aliingia kwa wapenzi wa rumba kupitia mlango wao, kwa mdundo na minenguo wanayoijua.

Mimi ni rapa. Nimechoka na video za mtaani, vijana wamesimama nyuma wakinyoosha vidole. Naweza kuvunja mazoea yote? (Msomaji, Nairobi)

Yote kwa pamoja, hapana. Mtazamaji asipojua anatazama nini, anahama. Ukitoka kwenye mazoea ya aina moja, ingia kikamilifu kwenye ya nyingine anayoifahamu. "Thriller" ya Michael Jackson, iliyoongozwa na John Landis mwaka 1983, ina takribani dakika 14 na haifanani na video za pop za siku zake, lakini inafuata filamu za kutisha hatua kwa hatua: usiku, msichana mwenye hofu, makaburi, wafu wanaofufuka. Hakuna aliyepotea njiani. Na katikati ya wafu hao yupo msanii, mbele kabisa, akicheza kwa jaketi jekundu. Wewe unaweza kuchukua taarifa ya habari, kesi mahakamani au pambano la ndondi. Ila macho yako yabaki kwenye kamera unapochana, kwa sababu hilo ndilo zoea la hip hop linalobeba mamlaka ya mwenye maneno.

Tukikata vipande vya simu kutoka kwenye video yetu, msanii anakatwa nusu uso. Tufanyeje? (Msomaji, Mwanza)

Hilo huamuliwa siku ya kupiga picha. Video ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ukiikata iwe ya wima, unabaki na upana wa pikseli 608 hivi, ambazo ni chache na zinatoka na ukungu. Ukipiga kwa 4K, yaani 3840 kwa 2160, unapata upana wa 1215, unaozidi 1080 inayohitajika. Bandikeni vipande viwili vya utepe kwenye skrini ya kamera, vikiacha katikati chini kidogo ya theluthi moja ya upana, na uimbaji wote ubaki humo. Picha za watu wawili zipigwe mara mbili: pamoja, na kila mmoja peke yake.

Kipande kianze kwenye mstari wenyewe, si kwenye ala, na msanii awe ameshafungua mdomo fremu ya kwanza. Maandishi yasikae chini kabisa wala ukingo wa kulia, kwa kuwa vitufe vya programu hufunika huko. Na picha ya jalada ya YouTube, ya 1280 kwa 720, ipigwe peke yake kwa kamera ya picha siku hiyohiyo, nguo na taa zikiwa bado zipo. Fremu iliyochomolewa kwenye video mara nyingi huwa na macho yaliyofumba nusu.