Maswali Yenu: Mi Sio Daktari, Kesi ya Uzembe Inanihusu Vipi?

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wa ofisini, mameneja, makatibu wa hospitali, wasimamizi wa vituo vya afya, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mgonjwa akidhurika si ni mambo ya dokta na nesi, sisi wa utawala tunaingiaje hapo? Nimechagua barua nne. Sheria zinatofautiana nchi na nchi kwa hiyo kesi yako mwenyewe ipeleke kwa wakili, lakini misingi ninayoieleza hapa utaikuta sehemu nyingi sana, hasa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mi ni meneja wa utawala hospitali ya binafsi. Alikuja mzee ana maumivu ya kifua, karani wa mapokezi akamwambia dokta hayupo mpaka jioni, mzee akaondoka zake. Ukweli ni kwamba nesi wa kupima nani aonwe kwanza alikuwepo, angemwona muda ule ule. Mzee alizidiwa nyumbani na sasa familia imeleta barua ya wakili. Bosi wangu anasema karani sio mtaalamu wa afya, hospitali haihusiki, tumfukuze yaishe. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, najua hiyo barua ikishafika mezani usingizi unapotea. Lakini bosi wako amekosea, tena hilo swali mahakama imeshalijibu waziwazi. Mwezi wa tano 2010 huko Croydon, kusini mwa London, kijana alipigwa kichwani na mtu asiyemjua akafika hospitali na rafiki yake. Wa mapokezi akamwambia atasubiri masaa manne mpaka matano. Kijana akasema najisikia vibaya, nahisi nitaanguka, akajibiwa ukianguka utahudumiwa kama mgonjwa wa dharura. Akakaa dakika 19 akaenda kwao kulala. Utaratibu halisi wa ile hospitali ulikuwa mgonjwa wa kichwa anaonwa na nesi ndani ya nusu saa hivi, ila hakuna aliyemwambia! Alizidiwa akiwa nyumbani, gari la wagonjwa likamrudisha, akapasuliwa, lakini ubongo ulishadhurika na hatapona.

Mahakama za chini mbili zilisema kama bosi wako, kwamba karani hana wajibu huo. Kesi inaitwa Darnley, ilipofika Mahakama ya Juu ya Uingereza 2018 majaji wakageuza: wajibu ni wa hospitali nzima tangu mgonjwa anapoandikishwa, na wajibu huo unajumuisha kutompa taarifa ya kumpotosha, iwe imetoka kwa daktari au kwa mtu wa dirishani. Majaji hawakudai karani awe na utaalamu wa dawa, walichotaka ni amwambie mgonjwa utaratibu ulivyo.

Sasa usielewe kwamba tayari mmeshashindwa. Anayedai lazima aonyeshe vitu vinne: mlikuwa na wajibu, mkauvunja, yeye akapata madhara, na madhara yametokana na huko kuvunja kwenu. Hicho cha nne ndo kinaangusha madai mengi. Iko kesi ya London, hukumu ya mwishoni mwa miaka ya 60, walinzi watatu wa usiku walikunywa chai wakaanza kutapika, wakaenda hospitali, dokta hata hakutoka kuwaona, akatuma ujumbe kwa simu waende nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja akafa, ikaonekana chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Uzembe ulikuwepo wa wazi kabisa lakini mjane alishindwa kesi kwa sababu hata angehudumiwa, dawa ya kuzuia hiyo sumu isingefika kwa wakati wa kumwokoa. Kwa huyo mzee wenu swali litakuwa hilo hilo, je angebaki kama angeambiwa kuna nesi? na kama angebaki je, hali yake ingekuwa tofauti? Hayo wataulizwa mabingwa wa moyo, sio wewe.

Wewe utaulizwa mengine na naomba ujiandae nayo kwa ukweli: karani alifundishwa lini? nani alimwambia wa maumivu ya kifua apelekwe wapi? kuna karatasi yoyote pale dirishani imeandikwa? Kama jibu ni "aliwakuta wenzake akaiga wanavyofanya" basi kosa lilianzia kwenye meza yako na sio kwake. Na kumfukuza ni kujiumiza, yeye ndo shahidi pekee anayejua nini kilisemwa. Leo hii itoe taarifa kwa kampuni ya bima maana mikataba mingi inasema ukichelewa wanaweza kukataa kulipa, weka pembeni daftari la mapokezi na rosta ya siku ile, na kama kuna picha za kamera zihifadhiwe kabla mashine haijajifuta yenyewe.

SWALI: Baada ya barua ya wakili nesi mkuu kaniomba faili la mgonjwa "walipange vizuri", kuna shifti nzima haikuandikwa vipimo. Anasema vilipimwa kweli ila hawakuandika kwa sababu ya kazi nyingi. Nimpe?

JIBU: Usimpe, tafadhali sana usimpe. Toa kopi yeye afanye nayo kazi, orijino ifungie kabatini na uandike nani ana funguo. Namwelewa huyo nesi, wodi ikijaa mtu anapima presha wagonjwa kumi anasema nitaandika nikikaa, halafu hakai mpaka shifti inaisha. Lakini pengo kwenye faili mnaweza kulieleza mahakamani, kwamba siku hiyo walikuwa wawili kwa wodi nzima. Faili lililojazwa baadaye halielezeki. Wino unaonekana, mwandiko mmoja wa haraka kwenye masaa manane tofauti unaonekana, na kama mnatumia kompyuta mfumo unatunza nani aliingia saa ngapi akabadilisha nini. Likigundulika tu hakuna atakayeamini karatasi yenu nyingine yoyote hata zile za kweli, na sehemu nyingi kughushi rekodi ni jinai, mtu anafungwa na leseni inaondoka. Kama kuna jambo analikumbuka kwa dhati aandike maelezo tofauti, aweke tarehe ya leo na saa ya leo na aseme wazi kwamba anaandika kwa kumbukumbu, na ampitishie wakili wenu kwanza.

SWALI: Kaka, madaktari wetu wengi sio waajiriwa, wana mikataba na bima zao. Wakikosea si wanajibeba wenyewe?

JIBU: Zamani hospitali nyingi zilijificha hapo. Angalia kilichotokea Illinois, Marekani. Mwaka 1960 kijana wa miaka 18 alivunjika mguu kwenye mechi ya futiboli ya chuo, akafungwa plasta hospitali. Muda mfupi tu vidole vya mguu vikavimba, vikawa vyeusi, baadaye vikawa vya baridi havisikii, analalamika maumivu makali. Manesi walikuwa wanaviona hivyo vidole maana vilikuwa nje ya plasta! Siku zikapita hakuna aliyeita bingwa. Mwisho mguu ulikatwa chini ya goti. Hospitali ikajitetea kwamba sisi ni jengo na vifaa, matibabu ni ya daktari. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya jimbo kwenye kesi ya Darling ikakataa: hospitali yenyewe ina wajibu kwa mgonjwa, manesi wake wapime mzunguko wa damu mara za kutosha na wakiona hatari wapeleke habari juu mpaka mtu achukue hatua, na uongozi uhakikishe mabingwa wanaitwa inapobidi. Tena majaji walikubali kanuni za ndani za hospitali yenyewe zitumike kama ushahidi dhidi yake. Ile sera yenu iliyoko kwenye shelfu inaweza kusomwa mbele ya jaji na mkaulizwa mbona hamkuifuata.

Kwa hiyo mkataba na bima ya daktari vinasaidia kugawana malipo, ila haviondoi wajibu wenu wa kukagua leseni yake kabla hajagusa mgonjwa (piga simu kwa waliotoa hiyo leseni, kopi ya cheti haitoshi), kuangalia rekodi yake, na kumsimamisha mkiona dalili mbaya. Na vifaa ni vyenu. Kwenye kesi ya Bolitho ya Uingereza, mtoto wa miaka miwili alikuwa anashindwa kupumua, nesi akaita, na mmoja wa madaktari hakufika kwa sababu kile kifaa chake cha kuitwa betri zilikuwa zimeisha. Betri jamani! Mdai alishindwa kwenye kile kitu cha nne nilichosema, lakini mtoto alishadhurika ubongo. Mi tangu niisome hiyo kila nikiongea na mtu wa utawala namuuliza, kwenu kazi ya kubadilisha betri ni ya nani, jina lake?

SWALI: Tukimwomba mgonjwa msamaha si tumekiri kosa?

JIBU: Mawakili wengi wa zamani watakwambia nyamaza. Uingereza waliandika kwenye sheria ya mwaka 2006 kwamba kuomba msamaha peke yake sio kukiri uzembe, na nchi nyingine kadhaa na majimbo mengi ya Marekani yana sheria za namna hiyo, uliza kwenu ikoje. Lakini hata kabla ya sheria, nenda. Nenda mwenyewe, kaa chini, zima simu, waambie mnachojua mpaka sasa na lini mtawaletea mengine, halafu siku hiyo ikifika uwe umefika, hata kama huna jipya.