Usitume kodi ya mwaka kwa nyumba ya Mtwara uliyoiona kwenye simu

Dada, hiyo hela usiitume. Umeandika kwamba unahamishwa kikazi kutoka Njombe, unatakiwa kuripoti Mtwara mjini mwezi Januari, una mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi minane. Dalali amekutumia video ya nyumba ya vyumba vitatu kwa laki mbili na nusu kwa mwezi, mwenye nyumba anataka mwaka mzima, na dalali anataka mwezi wake juu. Hiyo ni 3,250,000 kwa nyumba ambayo hujaigusa hata ukuta. Umeuliza mtaa gani unafaa, shule na namna ya kusafirisha vyombo. Tutafika huko, lakini kwanza zuia hiyo hela.

Fika kwanza, lala gesti, ndipo ulipe. Posho ya kujikimu anayopewa mtumishi akihamishwa ni kwa ajili ya hizo siku za kutafuta nyumba. Watu wengi wanaipeleka yote kwenye kodi kabla hawajapanda basi, kisha wanaanza kutafuta nyumba nyingine mwezi wa pili, mfuko ukiwa mtupu.

Angalia hiyo video ilipigwa lini. Mvua za huku ni msimu mmoja mrefu, zinaanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, zinaendelea hadi Aprili, na Januari hadi Machi ndiyo miezi yenyewe. Nyumba iliyopigwa picha Septemba inaonekana kavu hata kama ipo bondeni. Wewe unaingia Januari. Ukiwa hapo mlangoni unaweza kujua kila kitu kwa dakika kumi: tazama ukuta wa nje, kama umepakwa rangi mpya futi mbili za chini tu na juu rangi ni ya zamani, kuna alama ya maji inafichwa. Tazama nyumba za jirani, kama wamejengea matofali kwenye vizingiti vya milango au wamepanga viroba vya mchanga pembeni, hawakufanya hivyo kwa kupendezesha. Vuta maji chooni mara tatu mfululizo, usikilize. Yakipanda kabla ya kushuka, shimo limejaa au limejengwa dogo, na mvua ikikolea maji hayo yatarudi ndani anapotambaa mtoto wako wa miezi minane. Hakuna video inayoonyesha hayo, na anayepiga video anajua aelekeze simu wapi.

Hapa ndipo nakasirika. Dalali wa namna hii mara nyingi hana ufunguo wa nyumba, hana makubaliano na mwenye nyumba, na hiyo video ameipokea kwa dalali mwenzake. Kazi yake inaisha ukishalipa. Hawezi kukuambia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki kwa sababu hajawahi kufungua bomba la nyumba hiyo. Na wale wa ofisini wanaokuambia "chukua tu, Mtwara nyumba ni nyumba" wanakuumiza zaidi, maana unawaamini. Muulize huyo mwenzako ana watoto wa umri gani na wanaishi naye hapa au familia ameiacha Dar. Mtu anayeishi peke yake, anayeondoka asubuhi na kurudi kulala, hawezi kukuchagulia nyumba ya mtoto mchanga.

Ukishalipa mwaka, hela hiyo imeshageuka tofali na bati za nyumba nyingine ya huyo mwenye nyumba. Hata kama ni muungwana, hana cha kukurudishia. Kudai ni kuanza kwa mwenyekiti wa mtaa, ikishindikana uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wakati huo wote watoto wanalala kwenye nyumba ile ile. Kwa hiyo omba miezi mitatu. Watakuambia Mtwara haiwezekani. Inawezekana. Kipindi gesi asilia ya Mtwara ilipokuwa gumzo, miaka ya 2012 hadi 2014, watu walijenga nyumba kubwa zenye uzio wakitegemea wageni wa makampuni, hasa upande wa Shangani. Homa ile ilishuka, nyumba zimebaki. Mwenye nyumba aliyekaa na nyumba tupu miezi minne atakubali mitatu, au mitatu kisha sita, ukiongea naye ana kwa ana huku umebeba mtoto. Kwa simu, kupitia dalali, hatakubali kamwe, maana dalali anaogopa ukionana na mwenye nyumba.

Sasa maji. Familia yenye mtoto wa nepi, mwingine wa miaka minne na dada wa kazi haipungui ndoo kumi na mbili za lita 20 kwa siku, yaani lita 240. Simtanki la lita 1,000 linaisha kwa siku nne hivi hata mkijibana. Usiulize "maji yapo?" Kila nyumba watakujibu yapo. Muulize mama wa nyumba ya jirani bomba lilitoka lini mara ya mwisho na lilitoka kwa saa ngapi. Kama kuna kisima, nawa mikono kwa sabuni ya kipande: sabuni ikigoma kutoa povu, maji yana chumvi, kitu cha kawaida kwenye visima vilivyo karibu na bahari. Utanunua ya kunywa na ya kumwogeshea mtoto mwaka mzima. Angalia pia pampu: umeme ukikatika na tanki halijapandishwa juu ya mnara, maji nayo yamekatika. Kisima chenyewe kiwe na mfuniko wa zege au wa chuma wenye kufuli. Nyumba za pembezoni zina visima vimefunikwa kwa bati lililowekewa jiwe, na mtoto wa miaka minne analisogeza hilo jiwe.

Kuna jambo unalipita haraka kwa sababu unatoka Njombe: malaria. Njombe ni baridi, watoto wako hawajazoea ugonjwa huu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliiweka Mtwara ya pili nchini baada ya Tabora, karibu asilimia 20 ya watoto wadogo waliopimwa walikuwa na vimelea. Mtoto aliyekulia huku akipata homa anaweza kucheza hadi jioni. Wako anaweza kuzidiwa ndani ya siku moja. Kwa hiyo nyumba unaikagua kama mbu anavyoikagua. Nyavu za madirisha kila mtu anaziangalia. Inua macho: juu ya madirisha na milango kuna matundu ya hewa ya matofali ya maua, na mara nyingi hayana wavu kabisa. Kisha pembeni, paa linapokutana na ukuta, kama nyumba haina dari au dari imetoboka. Kisha chini ya mlango wa jikoni, kama kidole kinapita mbu anapita. Mwambie mwenye nyumba aweke wavu kwenye matundu yote kabla hujahamia na iandikwe kwenye mkataba. Chandarua chenye dawa ni juu ya hapo, si badala yake. Homa yoyote, mtoto apimwe siku hiyo hiyo, usisubiri asubuhi ya pili kwa kudhani ni meno.

Ndiyo maana kwa swali lako la mtaa nasema Ligula na Shangani kwanza, kama ofisi yako ipo mjini. Hospitali ya Mkoa ipo Ligula, na saa nane usiku mtoto akiwa amewaka moto unatoka na bajaji unafika. Mikindani ni pazuri, ila ni kama kilomita kumi nje ya mji. Inakufaa kama kazi yako ni Hospitali ya Kanda pale Mitengo au upande wa Msijute kwenye kiwanda cha saruji. Ukikaa Mikindani usikae kando ya barabara kuu. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma na ya korosho msimu ukifika yanapita hapo kwenda bandarini usiku na mchana, na vumbi lake linaingia hadi kwenye chakula cha mtoto. Naliendele nenda kama kazi ipo Naliendele.

Na kuhusu hizo nyumba za pembezoni zenye eneo kubwa na mikorosho uani, ambazo kwenye video zinapendeza kuliko zote. Kuanzia Juni hadi Agosti wakulima wanapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho. Wanapuliza alfajiri, upepo umetulia na umande upo, mashine mgongoni, na unga wa njano unatembea hadi shamba la jirani na hadi dirishani kwako. Macho yanawasha, kifua kinabana. Mtoto mwenye pumu au kifua cha mara kwa mara asiishi katikati ya mikorosho, hata kama kodi ni nusu. Halafu Oktoba korosho zinadondoka zenyewe uani, na mtoto wa Njombe hajui. Ataokota korosho mbichi aing'ate, mafuta ya ganda yamuunguze midomo na ulimi atoke malengelenge. Watoto wa huku wanajua tangu wakiwa wadogo kwamba bibo linaliwa na korosho inasubiri moto. Wako umfundishe wiki ya kwanza.

Joto pia utalidharau mpaka ulale nalo. Januari upepo ni wa kaskazi, unatoka kaskazini mashariki, basi chumba cha watoto kiwe na dirisha linalopokea upande huo na lingine la kuutoa. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, yanayosifiwa kwenye video kwamba ni ya kisasa, yanafunguka nusu tu. Ukuta wa uzio ukiwa mrefu na umekaa mita moja kutoka dirishani, upepo hauingii kabisa. Nenda kaingie chumba cha watoto saa nane mchana, funga mlango, kaa robo saa. Ukitoka umelowa jasho, mtoto atalia usiku kucha na wewe kazini utasinzia.

Shule: itafute kabla ya nyumba. Swali la kuuliza ni basi la shule linamchukua mtoto wa kwanza saa ngapi na linaanzia wapi. Kama nyumba yako ipo mwanzo wa njia, mtoto wa miaka minne atapandishwa saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi amelala kwenye kiti. Shule ya kawaida ya kutembea kwa mguu ni bora kwake kuliko yenye jina ya mwisho wa mji. Muhula unaanza Januari, kwa hiyo nafasi ya awali iulizie sasa kwa simu, hilo halihitaji kufika. Na huyo mdogo, chanjo ya surua rubela ya miezi tisa impate huko huko Njombe kabla ya safari, na kadi ya kliniki ikae kwenye mkoba wako, isipakiwe kwenye lori la vyombo.

Ukishapata nyumba, siku ya kulipa nenda nayo hivi. Nunua umeme wa LUKU wa elfu tano kwenye mita ya hiyo nyumba mbele ya mwenye nyumba, uone unapata yuniti ngapi. Mita yenye deni la zamani inakata kila unaponunua, na deni linafuata mita, halimfuati aliyelitengeneza. Kodi ya jengo nayo inakatwa humo kila mwezi tangu Agosti 2021, ni ya mwenye nyumba, basi mkubaliane aipunguze kwenye kodi ya pango. Piga picha mita ya maji ikiwa na tarakimu zake. Mkataba uandikwe jina la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, miezi mitatu, matengenezo yaliyoahidiwa yatajwe moja moja pamoja na tarehe, na kodi iliyobaki irudishwe kama nyumba itaingia maji au choo kitarudisha. Upelekwe serikali ya mtaa ugongwe muhuri, na kwa kufanya hivyo utakuwa umejitambulisha kwa mwenyekiti, jambo unalotakiwa kufanya vilevile. Hela iingie kwenye akaunti ya mwenye nyumba, si kwa mkono wa mtu wa kati.

Lori la vyombo usilipakie mpaka mkataba umegongwa muhuri. Kutoka Njombe linapita Songea, Tunduru na Masasi, lami tupu, halina haja ya kuzungukia Dar. Dalali atakupigia leo jioni akuambie kuna mteja mwingine yuko na hela mkononi. Mwambie ampe huyo mteja.