Maswali ya Wasomaji: "Zaddy", Mubaba na Mzee Kijana

*Wiki hii Shangazi anajibu barua tatu zilizofika kutoka Jinja, Mbarara na Arua hapa Uganda, zote zikihusu majina ya utani wanayopewa wanaume wenye umri mkubwa ambao bado wanapendeza machoni pa watu.*

Swali: Shangazi mpendwa, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Jinja. Nina umri wa miaka 54, na mvi zilianza kunitoka nilipokuwa na miaka 38. Tangu muhula uliopita, walimu wenzangu wa kike, ambao wengi wao ni wa rika la wanangu, huniita "silver fox", na wakati mwingine "zaddy", kisha hucheka. Mke wangu hunitania kwa majina hayo nyumbani. Mwanangu wa kwanza, hata hivyo, amechukizwa sana na anasema baba yake anavunjiwa heshima. Je, nimesifiwa au nimetukanwa?

Jibu: Umesifiwa, mwalimu, na ninafurahi kwamba mkeo amelipokea jambo hili kwa moyo mweupe. Chuki ya mwanao nayo ina sababu yake, na nitaieleza baada ya kukufafanulia majina yenyewe.

"Silver fox" ni jina la mnyama kabla ya kuwa jina la mtu. Ni mbweha mwekundu wa kawaida aliyezaliwa na manyoya meusi yenye ncha nyeupe, hivi kwamba kwa mbali huonekana kama amemwagiwa majivu yanayong'aa. Ngozi yake ilikuwa ya bei kubwa mno Ulaya na Marekani, hata wakulima wa Prince Edward Island nchini Kanada wakaanza kumfuga mwishoni mwa karne ya 19. Wamarekani walilihamisha jina hilo kwa mwanaume mwenye mvi anayependeza. Mwanamuziki Charlie Rich, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1995, alijulikana kwa jina hilo hilo kwa sababu ya nywele zake zilizokuwa nyeupe. Kwa hiyo anayekuita hivyo anazitazama mvi zako na kusema kwamba zimekukaa vizuri.

"Zaddy" ni jina changa zaidi. Ni neno la Kiingereza la kumwita baba, "daddy", ambalo herufi yake ya kwanza imebadilishwa ikawa z, na lilienea sana kuanzia mwaka 2016, wakati Ty Dolla $ign wa Marekani alipotoa wimbo wenye jina hilo. Umri ni sehemu tu ya maana yake. Anayeitwa hivyo ni mwanaume anayejua kuvaa, anayejiamini bila kelele na ambaye akiingia chumbani watu hugeuka kumtazama. Kama una desturi ya kuja kazini na shati lililopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa, basi umelijua chimbuko la utani wa wenzako.

Sasa nirudi kwa mwanao. Hapa kwetu majina ya umri ni majina ya mamlaka na ya malezi. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 nchini, na takriban nusu yao walikuwa hawajafikisha miaka 18, kwa hiyo mtu wa miaka 50 ni mzee mapema kuliko alivyo mtu wa umri huo Ulaya. Rais Museveni, aliyezaliwa mwaka 1944, huitwa Mzee na wafuasi wake, naye huwaita vijana "bazzukulu", yaani wajukuu, nao humwita Jjajja, yaani babu. Waganda wamelichukua neno letu mzee wakalifanya "muzeeyi", na baba wa mapacha huitwa Ssalongo kwa heshima popote apitapo, hata na watu wasiowajua pacha wake. Kijana aliyelelewa katika mazingira hayo amezoea kwamba jina la baba linajenga ukuta wa adabu kati ya mtu na mtu. Anaposikia jina hilo hilo likitumiwa kumsifu baba yake kwa mvuto wa mwili, na likisemwa na wanawake wa rika lake mwenyewe, masikio yake yanauma. Mimi nina umri wa kutosha kumwelewa, na sidhani kwamba amekosea kuumia.

Mweleze mwanao maana ya majina hayo kama nilivyokueleza. Kwa wenzako, chagua mwenye busara kati yao, umwambie kwa upole kwamba sifa umeipokea, lakini mbele ya wanafunzi ungependa kuitwa mwalimu. Jambo hili usilicheleweshe, kwa maana wanafunzi wakishaanza kukuita "zaddy" kutoka nyuma ya darasa, hapo hakuna tena utani wa watu wazima, na litakalokuwa hatarini ni jina lako la kazi.

Swali: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbarara, mwaka wa pili. Wenzangu bwenini hutumia maneno mubaba, sponsa, buzi na fataki kana kwamba ni kitu kimoja. Juzi mjomba wangu alinileta kwa gari na begi langu, na jioni nzima nikaitwa "mke wa mubaba". Je, maneno haya yanatofautiana?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa jioni hiyo. Yanatofautiana sana, na tofauti yake ni ya kuangalia kwa makini, kwa sababu hakuna hata moja kati ya hayo manne linalomsifu mwanaume kwa sura yake. Yote yanatazama mfuko.

Mubaba limetoka katika Sheng, lugha ya mitaani ya Kenya, na wingi wake ni wababa. Ni mwanaume mtu mzima, mara nyingi mwenye gari na kitambi, anayeonekana na wasichana wadogo. Sponsa pia ni la Wakenya, nalo lilishika kasi katika muongo wa 2010. Ninalichukia neno hili kuliko mengine, kwa kuwa linavisha jambo zito nguo ya ufadhili wa masomo, na msichana akilitamka husikika kama mtu aliyeshinda tuzo.

Buzi ni la Watanzania. Buzi huchunwa, na ndiyo maana husemwa kwamba msichana "anachuna buzi" anapomtumia mwanaume kwa fedha zake. Kampala wana picha yao wenyewe, ambayo nafikiri ni kali zaidi: huko husemwa kwamba mwanaume anang'olewa meno. Ukiyatazama maneno haya mawili kwa karibu utaona kwamba yanamfanya msichana kuwa ndiye mwindaji na mwanaume kuwa windo, na kwa hakika hadithi nyingi nilizopokea katika safu hii kwa miaka mingi zilikuwa kinyume chake.

Fataki ndilo jina lililokusudiwa kuaibisha tangu mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampeni moja ya redio nchini Tanzania ilimbuni mhusika aitwaye Fataki, mwanaume mtu mzima anayewarubuni wasichana, na katika kila kipande cha redio mtu fulani alijitokeza kumwokoa msichana na kumwumbua yule bwana. Jina likatoka redioni likaingia mitaani, na abiria ndani ya basi wakawa na neno la kumtaja mtu wa namna hiyo mbele yake. Hapa Uganda, katika muongo huo huo, mabango ya barabarani yaliwauliza wanaume kama wangekubali binti zao wawe na wanaume wa rika la baba zao. Nakumbuka kupita chini ya bango kama hilo nikiwa ndani ya teksi, yaani basi dogo la abiria, abiria wote kumi na wanne tukiwa kimya.

Waambie wenzako jambo moja zaidi, na uwaambie bila kucheka. Sheria ya Uganda inahesabu kuwa ni kosa la jinai mtu kulala na msichana aliye chini ya miaka 18, hata kama msichana mwenyewe amekubali. Mdogo wa mmoja wenu aliye sekondari hana mubaba wala sponsa. Ana mtu anayemdhulumu, na anahitaji dada wa kumsaidia kusema. Mjomba wako, kwa upande wake, aliyebeba begi la mpwa wake hadi mlangoni, anastahili kuitwa mjomba.

Swali: Shangazi, mimi ni mtangazaji wa kipindi cha jioni cha Kiswahili hapa Arua. Wasikilizaji wameniomba mjadala kuhusu wanaume wa makamo wanaopendeza, nami sitaki kutumia maneno ya Kiingereza. Je, "mbweha wa fedha" linafaa?

Jibu: Halifai hata kidogo, mtangazaji. Katika Kiswahili neno fedha ni madini na ni pesa, kwa hiyo msikilizaji wa Arua atakachosikia ni mbweha mwenye pesa, au mbweha anayetafuta pesa, na utakuwa umemrudisha mzee wa watu kwa wale wababa niliokwisha kuwaeleza.

Tuna maneno yetu, na ni mazuri. Mtanashati ni mwanaume nadhifu anayejipenda na kujitunza, na neno hili halina umri, kwa hiyo unaweza kusema "mtanashati wa makamo" ukaeleweka bila kumkosea mtu. Mzee kijana husemwa kwa mapenzi, hasa kwa mtu ambaye miaka imekwenda lakini mwendo na mavazi havijachoka. Mtu mzima ni neno la adabu wakati hutaki kutaja uzee waziwazi. Jiepushe na kizee na jizee. Viambishi hivyo vidogo hugeuza heshima kuwa dharau papo hapo, ingawa wasikilizaji wako wanaozungumza Kiganda hutumia ka- yao kumdunisha mtu na pia kumbembeleza, na wanaweza kudhani kwamba ki- yetu inabembeleza vivyo hivyo.

Mwezi uliopita nilikuwa katika saluni moja ya Ntinda, jijini Kampala, nikimngoja mpwa wangu anyolewe. Kwenye kiti cha pili aliketi bwana wa miaka kama sitini, na kinyozi alikwisha kuikoroga rangi nyeusi ndani ya kibakuli, brashi mkononi. Yule bwana alikitwaa kioo cha mkono, akazitazama mvi zilizokuwa juu ya masikio yake upande mmoja, kisha upande wa pili, akasema, "Hizi ziache." Kinyozi akaweka kibakuli kando, akamchonga kingo za nywele kwa wembe, akamfuta shingo kwa kitaulo cha moto. Alipokwenda kulipa, binti aliyekuwa akipokea fedha alimwinamia kidogo kama wafanyavyo mabinti wa Kiganda, akamwambia, "Mzee, umependeza." Bwana akashukuru, akavaa kofia yake, kisha akaivua tena na kutoka nayo mkononi.

Anza kipindi chako na salamu hiyo ya binti wa saluni, halafu wape wasikilizaji simu waseme wao humwitaje mtu kama yule huko kwao, kwa Kilugbara, kwa Kinubi na kwa Kiswahili. Ukiyapata maneno mapya, tafadhali niandikie.